Joho la Hariri na Mkono Ulioshona

Aliyefika Boito, katika nchi ya chai ya Bomet, alfajiri ya masika, hahitaji kufunzwa faida ya koti. Ukungu huitanda michai hata jua lipande, na mwana wa pwani aliyezoea kanzu nyepesi huhisi baridi ikimwingia mifupani. Wazee wa Kipsigis waliijua baridi hiyo kabla ya chai kuletwa. Mzee mwenye heshima yake alijitanda sambut, joho la ngozi za pimbi au kima zilizoshonwa pamoja kwa mkono. Lilikuwa vazi la baridi na vazi la cheo, na kila aliyelitazama aliweza kuzihesabu ngozi na kujua limegharimu roho ngapi.

Siku hizi lasifiwa joho la namna nyingine: koti la hariri lililoshonwa kwa mkono, ambalo mwenye kuliuza huapa kwamba hariri yake imepatikana bila ya kuua mdudu hata mmoja. Wenyewe huiita hariri ya amani. Boito yajulikana kwa chai, wala haijulikani kwa hariri; lakini watu wa chai wana la kutufunza juu ya koti hilo, kama tutakavyoona.

Kwanza tuieleze hariri yenyewe. Kiwavi wake hula majani ya mforsadi, kisha hujifungia ndani ya kifuko alichokizungushia uzi mmoja usiokatika, ambao huweza kufika mita 900 na zaidi. Akiachwa, hugeuka nondo, akakitoboa kifuko na kutoka, na uzi ukawa vipande vipande. Ndiyo maana desturi ya wafanyaji hariri, tangu Uchina ya kale, ni kuvitia vifuko katika mvuke au maji ya moto hali mdudu yu hai ndani. Katika hariri ya amani, nondo hungojwa atoke kwanza. Uzi wake husokotwa kama pamba. Kitambaa chake hakimeremeti sana, lakini kina joto.

Wala hili si jambo la ng'ambo tu. Hapa Kenya, taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, imewafunza wanavijiji wa Mwingi kukusanya vifuko vya nondo wa mwituni katika migunga, baada ya nondo kwenda zao. Hivyo mgunga huwa na thamani ukiwa umesimama, na mwanakijiji hupata fedha bila ya kuukata kwa makaa.

Sisi Waislamu tuna neno letu katika hariri. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliihalalisha kwa wanawake wa umma wake na akaiharimisha kwa wanaume, ila upindo usiozidi vidole vinne, au dharura, kama alivyowaruhusu Zubeir na Abdurrahman bin Auf kwa ajili ya mwasho wa ngozi. Basi mwanamume asidhani kwamba kusalimika kwa nondo kumemhalalishia joho. Hukumu ni ile ile. Lakini katika mafundisho yetu imo pia habari ya nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja, akaamuru kichuguu kizima kichomwe, na Mola akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi. Kumhurumia mdudu, kwa hiyo, si upuuzi wa matajiri waliokosa kazi. Na dini hiyo hiyo yatuamrisha kumlipa kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Mwenye kuliuza koti atatusimulia kwa urefu jinsi nondo alivyoruka. Yule aliyekesha akilishona, macho yakimwuma, hutajwa mara chache, na ujira wake hautajwi kabisa.

Turudi kwenye chai. Chai ya nyanda hizo hushuka Mombasa, katika mnada uliohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, na chai nyingi ya mashamba makubwa husafiri na muhuri wa kushuhudia kwamba imelimwa kwa haki. Mnamo Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70, waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kenya yaliyomilikiwa kwa miaka na kampuni mbili za Uingereza, walisimulia walivyonyanyaswa na wasimamizi wao. Wengine walisema walitakiwa miili yao ndipo wapewe kazi. Muhuri ulikuwapo, na aliyekuwa akinywa chai hiyo mbali alikuwa na moyo mweupe.

Mnywaji wa chai, hata hivyo, ana udhuru kidogo. Majani ya mikono mingi huchanganywa kiwandani, na hapana awezaye kujua kikombe chake kilichumwa na nani. Koti lililoshonwa kwa mkono halina udhuru huo. Limepita katika mikono ya watu wachache, na aliyelinunua kutoka kwa fundi anawajua kwa majina.

Kusahau mkono ni kosa la zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza miavuli minne ya hariri ya rangi iliyobebwa juu ya kichwa cha sultani, na akausifu mji kwa nguo zake zilizopelekwa hata Misri. Alimtaja mvaaji, akautaja mji. Wafumaji hakuwataja.

Nasi tusijione bora. Kofia ya viua inayoshonwa Lamu na Siyu huchukua miezi, tundu baada ya tundu, na aghalabu mshonaji ni mwanamke aliye nyumbani kwake. Tunaivaa siku ya Idi, tunashindana kwa uzuri wake, na dukani twapunguza bei kana kwamba twanunua samaki wa jana.

Rai yetu ni nyepesi. Fundi na auandike ujira na jina la mshonaji pamoja na bei ya koti, iwe ni hariri, iwe ni kofia. Naye mnunuzi, kabla ya kuuliza nondo alikwenda wapi, aulize mshonaji alipata nini. Wahenga walituusia: usione vyaelea, vimeundwa. Tukishajua kwamba vimeundwa, yatubakia kumjua aliyeunda, na kumpa haki yake.