Uadilifu Pekee Hautoshi kwa Mwenye Kalamu



Kwa muda mrefu waumini wa misikiti yetu ya Kibondo na Kasulu wamekuwa wakilalamikia namna mambo ya wilaya hizi yanavyoandikwa magazetini. Jina la mtu hukosewa, cheo chake hubadilishwa, kijiji huhamishiwa wilaya nyingine, na maneno ambayo hakuyatamka huwekwa ndani ya alama za kunukuu kana kwamba yametoka kinywani mwake. Wapo wanaosema kuwa hayo ni makosa madogo. Sisi hatukubaliani nao.

Tuanze na majina ya mahali. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 wilayani Kasulu. Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 wilayani Kibondo. Mtendeli, iliyofungwa mwaka 2021, ilikuwa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kwa mhariri aliyeketi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, yote hayo ni "Kigoma" tu. Lakini Mei 2015 kipindupindu kilipozuka Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilichokuwa kimefurika wakimbizi kutoka Burundi, wagonjwa walifikia 3,000 hivi kwa takwimu za Umoja wa Mataifa. Katika hali kama hiyo, mzazi wa Kasulu anayesoma kwamba kuna kipindupindu "Kigoma" atajuaje kama maradhi yapo kwenye kisima chake au yapo ziwani? Jina la kijiji ndilo habari yenyewe.

Aidha, lipo kosa zito zaidi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana mno, na wazungumzaji wake huelewana bila mkalimani. Mwandishi mgeni anayemsikia mzee wa Kiha akizungumza, kisha bila kuuliza akamwita mkimbizi, amemwondolea raia huyo uraia wake kwa neno moja. Katika mkoa ambao swali la nani ni raia huulizwa vituo vya ukaguzi na ofisi za uhamiaji, neno hilo halifutiki kwa kupinduliwa ukurasa. Na mzee huyo aliyezungumza Kiha anapowekewa nukuu ya Kiswahili fasaha, ni nani aliyefasiri? Msomaji haambiwi.

Ama kwa hakika, Uislamu haukuliacha jambo hili bila mwongozo. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na wanazuoni wa hadithi, akiwemo Imam Bukhari aliyefariki mwaka 256 Hijria, waliiweka elimu nzima juu ya msingi huo. Wao walimpima msimulizi kwa mizani mbili: uadilifu wake na udhibiti wake, yaani uhodari wa kuhifadhi na kufikisha kama alivyosikia. Walikuwepo watu wachamungu, wakweli wa nafsi zao, ambao riwaya zao ziliachwa kwa sababu walichanganya majina na maneno. Hakuna aliyewaita waongo. Ilisemwa tu kwamba si wa kutegemewa.

Zaidi ya hapo, wanazuoni wengi walioruhusu kusimulia kwa maana waliruhusu kwa yule tu anayeijua lugha na anayetambua kinachoigeuza maana. Hata hivyo, msimulizi mwenye kuchelea alimalizia kwa kusema: au kama alivyosema. Mwandishi wa leo asiye na hakika ya tamko naye ana njia hiyo hiyo. Aondoe alama za kunukuu, aeleze maana, na aseme wazi kwamba ni muhtasari.

Je, dawa ni kuyafungia magazeti? La hasha. Mwaka 2013 Serikali ililifungia gazeti la Mwananchi kwa siku 14. Moja ya sababu zilizotajwa ni habari ya Agosti 17 mwaka huo kuhusu Waislamu kusali chini ya ulinzi, iliyoambatana na picha ya mbwa wa polisi, ilhali Serikali ilisema kuwa mbwa hawakupelekwa misikitini siku hiyo. Kama picha ilipotosha, waliostahiki kuelezwa ukweli ni wasomaji, na mahali pake ni ukurasa ule ule. Gazeti lililofungwa haliwezi kusahihisha chochote, na wasomaji wake huadhibiwa pamoja nalo.

Insafu inatutaka pia tuseme kwamba waandishi wengi wa wilayani ni wa kujitegemea, hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, na nauli ya kufika kijijini hutoka mifukoni mwao. Anayelipwa kwa wingi wa habari hana faida katika kurudi kuuliza mara ya pili. Lawama hiyo ni ya wenye magazeti kabla ya kuwa ya mwandishi.

Kwa hiyo tunawausia viongozi wa misikiti mambo matatu. Kwanza, anapokuja mwandishi, apewe majina na vyeo kwa maandishi, na mazungumzo yarekodiwe pande zote mbili zikijua. Pili, kosa likitokea, aandikiwe mhariri barua fupi yenye tarehe, ukurasa, kilichoandikwa na kilichosemwa, bila matusi. Tatu, asiposikia, lipo Baraza la Habari Tanzania lililoanzishwa mwaka 1995, ambalo hupokea malalamiko na kusuluhisha.

Na kwa waumini wote: anayelaumu gazeti kwa kutochunguza, kisha akaisambaza habari ile ile barazani baada ya swala bila kuiulizia, ameingia katika mlolongo wa wasimulizi, na mizani ni ile ile.