Ukuta wa Shule na Mkono wa Mtoto: Fundisho Kutoka kwa Wachoraji wa Mitaani

Katika vyuo vyetu vya ualimu hakuna somo tunalolisifu kwa maneno na kulidharau kwa vitendo kama somo la kuchora. Katika ratiba limo, na katika mtaala mpya wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 limepewa mahali pake ndani ya Sanaa na Michezo. Lakini mwalimu akipungukiwa vipindi vya Hisabati, kipindi kinachotolewa sadaka kwanza ni hicho. Hoja yangu katika makala haya ni moja: somo hili halitasimama mpaka tutakapoacha kulifundisha kwa kunakili ubaoni, tukalifundisha kama wanavyojifunza wachoraji wa mitaani, yaani kwa kikundi, mbele ya ukuta, na mbele ya watu.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi hapa uwandani Ufipa. Mtoto mmoja wa darasa la nne alikuwa amechora basi kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa darasa. Basi hilo lilikuwa na mizigo juu, kuku akichungulia dirishani, na wingu la vumbi lililoanza nene kwenye magurudumu likaishia jembamba mwisho wa ukuta. Mwanachuo wangu akampa mtoto ndoo na kitambaa aufute mchoro. Nami nikaandika katika fomu yangu kwamba nidhamu ya darasa ni nzuri.

Baada ya saa moja likafuata somo la kuchora. Mwanachuo alichora chungu ubaoni, na watoto wote wakachora chungu kilekile. Mtoto wa basi alichora chungu chenye ufa, kikiwa juu ya mafiga, moshi ukipanda. Akapewa alama 4 kati ya 10, kwa kuwa chungu chake hakikufanana na cha mwalimu. Nami nilipitisha alama hizo. Nilikuwa mtu mzima mwenye stashahada ya elimu, nimeona kwa macho yangu mtoto aliyejua jinsi vumbi linavyotembea, na sikuona kitu.

Kilichonifumbua macho ni safari ya Dar es Salaam. Huko nilipata kuona kuta zilizochorwa na vijana wanaojiita Wachata. Jina hilo limetokana na neno la mtaani, chata, ambalo maana yake ni alama au nembo. Ni kikundi cha wachoraji wa kuta ambacho mmoja wa watu wake wanaojulikana ni Mejah Mbuya. Kazi yao ni herufi kubwa zilizopindwa na kufumwa hata zikawa picha, pamoja na sura za watu, kwa rangi za kupuliza kutoka makopo. Wamefanya kazi pia na Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, katika eneo la viwanda vidogo. Msomaji asidhani kwamba hapo kuna jumba la marumaru. Wasanii wengi wa kituo hicho wamefanyia kazi ndani ya makontena ya kusafirishia mizigo, na picha huonyeshwa palepale zinapotengenezwa.

Njia hiyo ya kujifunza haikuanza na vijana hawa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilaya ya Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 bila kupita chuo chochote cha sanaa. Alitumia rangi za mafuta za kawaida na vipande vya ubao laini wa kujengea, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Lakini sanaa yake haikufa, kwa sababu alikuwa amekaa na vijana wachache, wengi wao jamaa zake, wakichora ubavuni pake. Hao wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Nawauliza walimu wenzangu: ni mkufunzi gani miongoni mwetu ambaye akifundisha kwa miaka minne tu, kazi yake itaendelea kwa zaidi ya miaka hamsini?

Nairobi nako kuna mfano. Kikundi cha Maasai Mbili cha Kibera kilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota. Hao walikuwa waandishi wa mabango ya maduka. Kutoka katika kazi hiyo ya kutafuta riziki, nyumba yao ikawa karakana na mahali pa kuonyeshea picha, katikati ya mtaa wanamoishi watu wa kawaida.

Katika mifano hii mwalimu anaweza kuchota mafunzo matatu.

Kwanza, mkono hufundishwa na mkono. Mwanafunzi wa Tingatinga hakuonyeshwa picha iliyokwisha. Aliona picha ikizaliwa, kosa likitokea na likirekebishwa. Wafipa si wageni wa jambo hili. Wahenga wa uwanda huu walijenga malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaliyosimama kupita kimo cha mtu. Hakuna aliyejifunza kujenga tanuri hilo kwa kunakili mchoro wake. Palikuwa na udongo wa kukanda, mkaa wa kuandaa, na mtu aliyejua zaidi akifanya kazi karibu yako.

Pili, mchoro wa ukutani una watazamaji, na watazamaji ndio wasahihishaji wa kwanza. Mtoto anayechora daftarini humwandikia mwalimu mmoja, naye husubiri alama. Anayechora ukutani husikia mama aliyetoka sokoni akisema, “Huyu ng’ombe mbona miguu yake imekaa kama ya meza?” Maneno hayo hufundisha kuliko alama nyekundu, kwa sababu yanamrudisha mtoto kumtazama ng’ombe.

Tatu, mahali pa maonyesho si lazima pawe jumba. Ni mahali palipotengwa ambapo kazi huwekwa, watu huitwa, na mazungumzo hufanyika juu ya kilichowekwa. Kontena linatosha. Ukumbi wa darasa wenye kivuli unatosha.

Sitaki, hata hivyo, kuonekana kama mtu aliyerudi kutoka mjini na kila kitu cha mjini machoni pake ni dhahabu. Zipo hoja mbili nzito dhidi yangu, na ni haki kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni ya nidhamu. Wapo wasemao kwamba tukiwaruhusu watoto kuchora kutani, kesho wataharibu nyumba za watu. Najibu kwamba mtoto huchora ovyo pale ambapo hana ukuta wake. Kuomba ruhusa, kupanga mchoro kwanza kwenye karatasi, kugawana kazi, na kusafisha mahali baada ya kazi ni nidhamu kubwa kuliko ile ya kukaa kimya na kunakili chungu. Tena ukuta hufundisha uzito wa kauli. Mwaka 2012 wachoraji wa Nairobi walichora katikati ya mji picha ya tai mla mizoga aliyeketi kitini, wakiwalenga wanasiasa, na picha hiyo ikazungumzwa ndani na nje ya Kenya. Mtoto ajue mapema kwamba anachokiweka mbele ya watu atakijibia.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Yasemwa kwamba kujifunza ubavuni pa fundi nako huzaa kunakili. Ni kweli. Picha nyingi za mtindo wa Tingatinga zinazouzwa kwa watalii zinarudia chui na ndege walewale kwa sababu soko linawataka. Basi tumkimbie mwalimu wa ubaoni tuangukie kwa mnunuzi? La. Hapa ndipo vijana wa chata wanatupa dawa. Katika sanaa yao herufi ni zilezile za alfabeti anazozijua kila mtu, lakini mchoraji asiye na namna yake mwenyewe ya kuzipinda hahesabiwi kuwa mchoraji. Kanuni hiyo twaweza kuileta darasani: fundisheni ufundi mmoja kwa wote, lakini msikubali majibu mawili yanayofanana.

Yafaa sasa niseme tufanye nini, kwa kuwa makala isiyoingia darasani ni pambo tu.

(a) Kila shule ya mazoezi itenge ukuta mmoja, chini ya paa, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kamati ya shule. Kila kikundi cha watoto watano au sita kipewe sehemu yake na jambo moja la kuchora kutoka maisha ya hapa: siku ya mnada, kupanda matuta, wavuvi wa Kasanga, baridi ya mwezi wa sita.

(b) Tusisubiri rangi za makopo kutoka mjini. Ufipa una udongo mwekundu. Chokaa hupatikana, na masizi yamo katika kila jiko. Vikichanganywa na uji mwembamba wa muhogo vinashika vizuri penye kivuli. Mvua ikivifuta, si hasara: darasa la mwaka ujao litapata ukuta wake.

(c) Tumwalike shuleni fundi anayeandika mabango ya vinyozi na maduka mjini Sumbawanga. Huyo ndiye mchoraji wetu wa mtaani, na sijui ni kwa nini tunampita kila siku bila kumwita mwalimu. Aandike neno moja mbele ya watoto, nao waone brashi inavyoshikwa.

(d) Mwisho wa muhula wazazi waitwe, na kila kikundi kieleze kazi yake kwa maneno yake. Hayo ndiyo maonyesho yetu.

(e) Tubadili namna ya kutoa alama. Swali lisiwe, “Je, mchoro huu unafanana na wangu?” Liwe, “Je, mtoto huyu ametazama nini ambacho wengine hawakukitazama, na ufundi wake umemsaidia kiasi gani kukionyesha?”

Hili la mwisho ndilo kubwa. Mwanachuo anayeondoka kwetu akiamini kwamba kuchora ni kufanana ataipeleka imani hiyo katika kila darasa atakalofundisha kwa miaka thelathini na zaidi. Hesabu ya watoto watakaopewa ndoo na kitambaa kila mmoja wetu anaweza kuifanya.

Mwaka uliofuata nilirudi katika shule ile kwa kazi nyingine. Nilimwuliza yule mtoto, sasa akiwa darasa la tano, kama bado anachora. Alinijibu kwa adabu, “Hapana, mwalimu. Niliacha.” Alidhani ananifurahisha.