Mficha Hitilafu, Hesabu Humuumbua

Anayeandika programu ya kupokea kahawa kwa chama cha msingi, iwe Kibosho au Marangu, hukutana mapema na swali: mtandao ukikatika kabla kilo hazijaingia kwenye kanzidata, programu ifanye nini? Lugha kama Java na Python humruhusu kurusha hitilafu, yaani eksepsheni, ikakamatwe mahali pengine. Kuhusu njia hiyo kuna madai manne yanayorudiwa mno.

Dai la kwanza: programu iliyoandikwa vizuri haihitaji mambo hayo. Inahitaji. Umeme ukizimika, diski ikijaa au laini ya simu ikipotea huko mgombani, mwandishi wa programu hana kosa. Umahiri wake utapimwa kwa alichoiandalia siku hiyo.

Dai la pili: kamata kila hitilafu na unyamaze, mradi programu isizime. Hili ndilo la hatari zaidi. Karani anapima kilo 42, programu inashindwa kuzihifadhi, hitilafu inamezwa, na skrini inaandika "Imepokelewa". Mkulima anaondoka ameridhika. Siku ya malipo kilo hazipo, wala hakuna kumbukumbu ya kuonyesha zilipotelea wapi. Heri programu ingezima palepale, karani akaziandika daftarini. Kuhamia Go, ambayo hurudisha kosa kama jibu la kawaida, hakumponyi mvivu: jibu nalo hupuuzwa.

Dai la tatu: hitilafu ishughulikiwe hapohapo ilipotokea. Mara nyingi hapo hapana mwenye uwezo wa kuamua. Tazama mlimani Kilimanjaro. Mpagazi akimwona mgeni anapepesuka na maneno yake hayaeleweki, hampi dawa kwa kubahatisha, wala hanyamazi. Anamwita kiongozi wa msafara, na huyo ndiye anayeamua kumteremsha. Kipande cha programu kinachosoma mizani ni mpagazi. Kitoe taarifa kamili, kifunge faili lililo wazi, kifute muamala ulioishia njiani. Kujaribu tena au kumuuliza karani ni uamuzi wa ngazi ya juu.

Dai la nne: Ariane 5 ilithibitisha kwamba eksepsheni ni balaa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo ya Ulaya ilisambaratika sekunde 40 hivi baada ya kuanza safari, ikiwa mita 3,700 hivi juu, karibu sawa na kimo cha vibanda vya Horombo, kwenye mlima uleule wa mpagazi wetu. Namba ya biti 64 ilibanwa kwenye nafasi ya biti 16 isiyoitosha. Hitilafu haikupata wa kuikamata, na kompyuta ya kupima mwelekeo ikazima. Ile ya akiba ilikuwa imeshazima kwa sababu hiyohiyo, maana ilibeba programu ileile. Eksepsheni ilisema kweli. Waliokosea ni wabunifu waliochukulia kila hitilafu kuwa uharibifu wa mtambo, wakaagiza kompyuta izime.

Kuzima kunafaa mizanini, kwa kuwa karani ana daftari. Angani hakuna daftari.