Kisu Kisichokata

Juma hili twataka kusema juu ya silaha zisizopelekwa vitani.

Zamani wakulima wa Ulaya walipura nafaka kwa magongo mawili yaliyofungwa pamoja, moja la kushika na jingine la kupigia. Vita vilipozuka nchini Bohemia, tangu mwaka 1420 hivi, wafuasi wa Jan Hus waliyatia chuma magongo hayo wakapigana nayo. Hivyo kifaa cha kutafutia chakula kikawa cha kuua. Baadaye, katika karne ya 19, mafundi walitengeneza mifano yenye mnyororo na tufe la miiba, na hata leo watu huinunua kwa kupamba kuta. Mgeni huitazama, akasifu ukali wake, basi.

Wazee wa Kirega, hapa kwetu Pangi na pande za Kivu, nao walitengeneza mifano ya silaha na ya vyombo vya kazi. Walichonga visu, mashoka na nyundo kwa mfupa na kwa pembe ya ndovu, wakavipaka mafuta hata vikang'aa. Kisu cha namna hiyo hakikati nyama wala mti. Je, kilikuwa cha nini?

Kilikuwa cha kufundishia. Katika chama cha Bwami mtu alipanda daraja baada ya daraja, akisaidiwa na jamaa zake na kupimwa mwenendo wake. Vitu vilionyeshwa, ngoma ikachezwa, na methali zikatolewa ili kueleza maana ya kila kitu. Daraja la juu kabisa, yaani Kindi, ndilo hasa lililokuwa na vitu vya pembe. Mwenye daraja hilo alitakiwa awe mtu mpole, mpatanishi, ajuaye kujizuia. Naye alipokufa, jamaa yake alivirithi vitu vyake.

Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku mwaka 1933, na tena mwaka 1948. Vitu vingi vilichukuliwa ng'ambo, navyo vimewekwa katika makabati ya vioo. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyefanya uchunguzi kwa Warega kati ya mwaka 1952 na 1954, aliandika mafundisho mengi katika kitabu chake cha mwaka 1973. Walakini kitabu hicho si rahisi kupatikana Kalima, na kisu kisicho na methali yake ni pambo tu la ukutani.

Vita vilivyopita Maniema viliwafundisha watoto wetu majina ya bunduki. Wangapi kati yao wamepata kusikia kwamba babu zao walimheshimu mtu kwa kumkabidhi kisu kisichoweza kumwaga damu?

Basi, akina baba na akina mama, waulizeni wazee wangali hai, wawaambie wanayopenda kuwaambia. Nanyi wanafunzi, yaandikeni maneno yao katika daftari, pamoja na jina la mzee na tarehe aliyosema.