Tairi za picha si tairi za kuvuta trela

Wasee, leo nafuta maneno yangu mwenyewe. Mwaka jana niliweka video fupi ya pikapu ya anko wangu ikiwa imevaa tairi mpya za matope, pana, nene, meno kama ya mamba. Nikasema kama una pikapu na hujavaa hizi, bado unatembea na viatu vya shule. Video ikaenda mbali. Kitu sikuwaambia ni kwamba duka lilitupunguzia bei ili niitengeneze. Na kitu kingine sikuwaambia kwa sababu hata mimi sikujua: tulikuwa tumenunua sura.

Anko ana trela ndogo ya kulala, ile yenye vitanda viwili na jiko. Hukodishia watu wanaoenda kupiga kambi Naivasha, na wikendi ya Safari Rally ndiyo Krismasi yake. Siku hiyo tulikuwa watatu ndani ya gari, mitungi ya maji na jenereta nyuma, trela imejaa. Tukiteremka kuelekea Mai Mahiu, trela ikaanza kutikisa mkia. Kidogo tu, halafu zaidi, halafu pikapu yenyewe ikaanza kufuata. Lori mbele, lori nyuma, na upande mmoja ni bonde. Anko hakukanyaga breki kwa pupa. Alitoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukiwa umenyooka, akaacha injini iishike gari. Hakuna aliyeongea mpaka tulipopata mahali pa kusimama.

Tairi za nyuma zilikuwa moto, huwezi kuwekelea mkono. Msee wa pancha akapima upepo, akaguna. "Hata zikiwa moto hivi ziko 34? Mnavuta nyumba na upepo wa Probox?" Kumbe dukani walituwekea psi 30, eti gari iwe laini. Sisi tukasema asante.

Nimesoma sana tangu siku hiyo, na maoni yangu sasa ni haya: ukichagua tairi za pikapu itakayovuta trela, meno ndiyo kitu cha mwisho kuangalia. Anza na nambari iliyo ubavuni.

Chukua saizi ambayo pikapu nyingi hapa kwetu huvaa, 265/65R17. Baada ya saizi utaona nambari nyingine, kama 112. Hiyo ni ya mzigo: 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120. Saizi hiyohiyo, ukipata iliyoandikwa LT mbele, inaweza kuwa na 120/117. Hapo tairi moja inabeba kilo 1,400. Ile 117 ni ya magurudumu yaliyofungwa mawili mawili kama ya lori. Kwa macho zinafanana. Tofauti ni kilo 280 kwa kila tairi.

Utauliza, si trela ina magurudumu yake? Inayo, lakini haijibebi yote. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukaa pale inaposhikana na gari. Trela ya kilo 1,500 inakuwekea kilo 150 hadi 225 mgongoni. Na kwa vile uzito huo uko nyuma kabisa, unainua pua ya gari na kukandamiza tairi za nyuma hata zaidi ya kilo hizo. Ongeza maji, jenereta na wasee wa kiti cha nyuma. Tairi mbili za nyuma ndizo zinalipa bili yote.

Sasa hapa ndipo mimi nilipotea. Tairi zetu za matope zilikuwa 285/70R17 za LT, nambari 121, yaani kilo 1,450 kila moja. Kwa karatasi ni nguvu tupu! Lakini hizo kilo ni za tairi ikiwa na upepo wake kamili, na ubavuni ilikuwa imeandikwa psi 80. Ukiweka 30, umenunua gunia kubwa ukalifunga katikati. Mbaya zaidi, tairi ya LT yenye upepo mdogo hubeba hata chini ya tairi ya kawaida ya saizi hiyo yenye upepo uleule. Ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, gari inayumba, na mwisho wa hiyo hadithi ni tairi kupasuka.

Sisemi kila mtu aweke 80. Bila mzigo utaruka kama mpira. Kampuni za tairi huwa na jedwali la upepo kulingana na uzito, na gari lina stika yake kwenye fremu ya mlango wa dereva kwa tairi lililotoka nazo. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi zikiwa baridi.

Kuna na lingine. Hizo 285 ni kubwa kwa karibu asilimia 7 kuliko zile za kwanza. Spidi mita ilipotuonyesha 80, tulikuwa tunakaribia 86. Mlimani injini inalia kama umeanza kwa gia ya juu. Na yale meno marefu hucheza juu ya lami, na mvua ikinyesha hayashiki vizuri.

Najua wako watakaosema wanaenda Suswa na kule bila matope hupiti. Sawa, kama kazi yako ni matope, vaa za matope. Lakini wengi wetu tunaonunua hizo tairi, matope yetu ni yale ya pale car wash. Na najua LT ni ghali. Tairi zetu za picha pia zilikuwa ghali, tena kuliko zile anko alizonunua baadaye: saizi ya zamani, LT, 120, meno ya kiasi.

Usisahau tairi za trela yenyewe. Trela hukaa juani miezi mingi ikingoja wateja, na tairi zinazeeka hata kama hazitembei. Angalia tarakimu nne za mwisho baada ya DOT. Ukiona 2315, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Meno yanaweza kuwa mapya kabisa na mpira umeshakauka.

Ile video nimeitoa. Mtu mmoja alikuwa ameniandikia kwamba aliagiza zile tairi kwa sababu yangu, na anavuta trela ya farasi. Nimempigia, nikamwambia yote haya, pamoja na ile punguzo ya duka. Kuanzia leo nikiwaonyesha tairi, kamera itaanza ubavuni, kwenye nambari. Na kama nimepewa bei nzuri, mtasikia hilo kabla ya kitu kingine chochote.