Valvu Kubwa, Hesabu Ndogo

Ukitaka kumuudhi kijana anayependa magari, mwambie kwamba valvu kubwa alizolipia hazijamwongezea kitu. Atakuonyesha risiti. Atawasha injini usikie mngurumo. Atakutajia fundi wake na magari yote yaliyopita mikononi mwa fundi huyo. Kitu kimoja hatakuonyesha: kipimo.

Nasoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo, na biashara hii imenichosha. Maelezo yanayouzwa gereji ni mepesi: injini inavuta hewa, hewa inapita kwenye valvu, basi panua mlango ipite nyingi. Hesabu ya haraka inayaunga mkono. Valvu ya kuingiza hewa yenye kipenyo cha milimita 35 ikibadilishwa kwa ya milimita 37, eneo la duara linaongezeka kwa karibu asilimia 12. Nani atazikataa asilimia 12?

Ila valvu haiondoki njiani ili hewa ipite. Inanyanyuka kidogo tu kutoka kwenye siti yake, na hewa inapenya pembeni, kwenye mwanya unaoizunguka. Mpaka valvu inyanyuke kufikia robo ya kipenyo chake, mwanya huo ndio mlango wenyewe, na ukubwa wake ni mzingo wa valvu mara kimo ilichonyanyuka. Kimo kinaamuliwa na kamshafti. Ukiacha kamshafti ileile, zile asilimia 12 zinashuka hadi karibu 6. Kisha ukingo wa valvu mpya umesogelea ukuta wa silinda. Upande huo hewa inabanwa, na hata hizo 6 zinaanza kuliwa.

Halafu kuna foleni. Hewa inayokimbia kwa kasi huendelea kujisukuma ndani ya silinda hata pistoni inapoanza kupanda. Panua njia yote, na kwenye mizunguko midogo hewa ileile inatembea kivivu. Ulichonunua kinapatikana, kama kinapatikana, kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Foleni ya Ubungo inaendeshwa kwenye 2,000.

Waingereza walishalipia somo hili. Mini Cooper S ilitoka mwaka 1963, na mwaka uliofuata Paddy Hopkirk akashinda nayo Monte Carlo Rally. Ilipopata injini ya sentimita za ujazo 1,275, hedi yake ilibeba valvu za takriban milimita 36 za kuingiza na 31 za kutoa moshi. Chuma kilichobaki katikati kilikuwa chembamba, na hedi hizo zikajulikana kwa kupasuka hapohapo. Baadaye matoleo mengine ya injini hiyo yalipewa valvu ndogo zaidi upande wa moshi. Kamba hukatikia pembamba.

Keith Duckworth alipobuni injini ya Cosworth DFV, iliyoshinda mbio zake za kwanza Zandvoort mwaka 1967, aliweka valvu 4 ndogo kwa kila silinda. Valvu 2 ndogo za kuingiza zina mzingo mrefu kuliko moja kubwa inayoenea mahali palepale, na kila moja ni nyepesi. Huyo alikuwa anatafuta ushindi, si sifa za kijiweni.

Watasema: mbona magari ya mashindano yanapanuliwa valvu? Yanapanuliwa, pamoja na kamshafti inayonyanyua zaidi na springi ngumu zaidi, na fundi anapima mtiririko wa hewa kabla na baada. Tena injini hizo hufunguliwa kila mara. Gari lako linatakiwa kuamka kesho saa kumi na moja alfajiri.

Namfahamu dereva wa teksi Dar es Salaam aliyeshawishiwa kwamba valvu kubwa zingempa nguvu ya milimani na kupunguza mafuta. Siti zilichongwa, chuma cha kati kikabaki kama ukucha. Miezi mitatu baadaye hedi ilipasuka, injini ikaanza kula maji. Gereji ilimwambia alikanyaga sana. Tajiri wake alitaka hesabu ya siku kama kawaida, na aliposhindwa kuileta, gari likapewa dereva mwingine.

Silaumu ufundi. Fundi anayekata siti kwa nyuzi 30, 45 na 60 na kulainisha njia chini ya valvu zilezile za kiwandani anaweza kuipa injini pumzi bila kuila nyama yake. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haina cha kupiga picha, kwa hiyo hakuna anayeiulizia.

Basi iulizie. Kabla hujatoa pesa, muulize anayekuuzia valvu kubwa: kamshafti inanyanyua kiasi gani? Kati ya siti na siti chuma kitabaki milimita ngapi? Ukingo utakuwa mbali kiasi gani na ukuta wa silinda? Akijibu kwa namba, kaa chini mzungumze bei. Akijibu kwa kukanyaga mafuta ili usikie mngurumo, chukua ufunguo wako uondoke.