Nyota moja, mlango wazi

Leo nina neno na wenzangu tunaotengeneza tovuti. Ni kuhusu alama ndogo sana: nyota, hii *.

Tangu Netscape ilete JavaScript katikati ya miaka ya 1990, vivinjari vimeshika sheria moja: skripti ya tovuti hii haisomi data ya tovuti ile bila ruhusa. Enzi za Flash, ruhusa iliandikwa kwenye faili la crossdomain.xml, lililokaa kwenye seva yenye data. Wengi walichoka kuorodhesha tovuti wanazoziamini, wakaandika nyota: yeyote na aje. Flash ilizikwa rasmi mwisho wa 2020, lakini nyota haikuzikwa nayo. Leo inakaa kwenye mstari wa jibu la seva uitwao Access-Control-Allow-Origin.

Je, nyota ni mbaya siku zote? La. Kama unatoa bei za mahindi ambazo kila mtu anaruhusiwa kuziona, iweke bila wasiwasi. Tena kivinjari chenyewe huikataa nyota pale ombi linapobeba kuki za mtumiaji.

Balaa linaanzia hapo. Fundi akiona maandishi mekundu ya kosa, anaiambia seva irudishe jina la tovuti yoyote iliyouliza, na iruhusu kuki. Kosa linatoweka, bosi anafurahi. Sasa chukua mfano wa tovuti ya chama cha akiba. Mweka hazina ameingia kwenye akaunti, na kwenye dirisha lingine amefungua tovuti ya matapeli. Skripti yao inauliza salio. Kuki ikiwa imewekwa iweze kusafiri kutoka tovuti nyingine, jibu wanalisoma wao. Ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu kitasa kinakwama.

Dawa haina gharama. Andika orodha ya tovuti unazoziamini na ulinganishe jina zima, si kipande. Hakikisha seva inamtambua kila anayeuliza, maana sheria hii hufunga vivinjari tu. Programu nyingine haziijui. Na data ikifika, iweke ukurasani kama maandishi kwa textContent. Ukitumia innerHTML, umemkaribisha mgeni jikoni.

Fungua msimbo wa seva yako leo, utafute nyota. Je, unaweza kueleza kwa nini iko hapo?